Mbuzi wa Kumpeleka Mama Mkwe Baharini

Haya, sogeeni. Kavindu bado hajapata usingizi tangu alipochagua kisiwa, na mimi simhurumii. Wiki iliyopita kuna walionisimamisha sokoni wakimtetea. Leo mtajionea wenyewe.

Kwa ambaye hakuwa nasi, mambo yako hivi. Kavindu na mumewe, Jeremiah Muthoka, wanakaa hapa Machakos mjini. Yeye anashona mashati kiwandani Athi River, mume anapakia saruji huko huko. Ni watu wa kutoka alfajiri na kurudi giza. Wana watoto wawili: Nzisa, binti wa miaka sita mwenye maneno mengi, na Kitheka, mvulana wa miaka mitatu.

Sasa watoto hao wamelelewa na nani? Na Kalondu, mama mzazi wa Kavindu, kule Mitaboni. Wanakaa naye Jumatatu mpaka Ijumaa, tangu wakiwa wa kubebwa mgongoni.

Desemba hii Jeremiah alipata likizo, akasema wanaenda baharini. Na Kavindu akamfungia mama yake mlango wa likizo hiyo. Tena hakuufunga kwa mkono wake. Aliufunga kwa mila.

Kavindu alimwambia mumewe, "Mwaitu, mama yangu, amekataa kuja. Anaogopa nthoni."

Halafu akamwambia mama yake, "Jeremiah amekataa uje. Anaogopa nthoni."

Uongo ni ule ule mmoja, ameugeuza tu upande.

Wasio Wakamba nao waelewe. Nthoni ni heshima ya ukwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kulala chini ya paa moja, hiyo hata usiitaje. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Tangu aoe, Jeremiah alikuwa amemwona Kalondu mara chache, na alichokiona kila mara ni kitambaa cha kichwa kikipotelea nyuma ya ghala la mahindi. Mjini wengi wameiacha nthoni. Mitaboni si mjini.

Turudi kwenye kuchagua kwenyewe, maana dhambi ilianzia hapo.

Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani. Jeremiah aliweka picha mbili juu ya meza. Alikuwa amepewa na mwenzake wa kazini, mtu wa pwani, ambaye jamaa zake wanakodisha nyumba kwa wageni. Picha ya kwanza ilikuwa nyumba ya bara, karibu na barabara, na nyuma yake kuna kijumba kingine. Ya pili ilikuwa nyumba ya makuti kwenye kisiwa kidogo upande wa kusini. Nyumba moja peke yake, na maji pande zote.

"Mama Nzisa, mimi naona hii ya bara," Jeremiah alisema. "Iko na nyumba ndogo huko nyuma. Mama wa Mitaboni atalala huko, mimi nilale huku, nthoni haivunjiki. Aone bahari na yeye. Amezeeka akiiimba tu kwa kwaya."

Kavindu akaitazama ile picha. Akamwona mama yake ameketi mchangani, Kitheka mapajani mwake. Akajiona mwenyewe amesimama kando, ameshika taulo.

"Hapana," akasema. "Hapo bara mawimbi ni makubwa. Kitheka ni mdogo. Na hiyo barabara, magari yanapita mlangoni."

"Na kisiwani?"

"Kisiwani hakuna gari hata moja. Si mwenzako alisema mwamba unazuia mawimbi, maji yanafika magotini tu, mtoto anatembea? Ukiwa na watoto wadogo unachagua kisiwa, Baba Nzisa. Kila mtu anajua."

Kila mtu gani? Kavindu mwenyewe hajawahi kuona maji mengi kuliko yale ya mtoni Athi mvua ikinyesha! Lakini alivyosema ungedhani kazaliwa mashuani.

"Sawa, lakini kisiwani nyumba ni moja," Jeremiah akasema. "Mama atalala wapi?"

"Nilimuuliza. Amekataa. Anasema nthoni."

Hakuwa amemuuliza. Neno lilimtoka tu, na likishatoka lilikuwa limetoka.

"Ulimuuliza lini?"

"Ijumaa."

Jeremiah akainamisha kichwa. Si mtu wa maneno mengi, na tangu awe mume hajawahi kumwita mkewe mwongo. "Basi," akasema. "Kisiwa."

Na mjue hili: yote aliyosema Kavindu juu ya mawimbi na magari yalikuwa kweli. Hata mimi ningekuwa na watoto wadogo ningechagua kile kisiwa. Ndiyo sababu hakuna aliyemshuku.

Alipokwenda Mitaboni, alimkuta Kalondu ameshaosha raba zake nyeupe za kwendea kanisani na kuzianika juu ya kibanda cha kuku. Nzisa alikuwa ameshamwaga habari zote.

"Kavindu, hizi raba zinaingia maji ya chumvi ama zitapasuka?"

Hapo ndipo Kavindu alipomwambia ile ya pili, kwamba Jeremiah ndiye hataki.

Kalondu akakiendea kibanda. Alizitoa raba pale juu akaziingiza ndani. Aliporudi alikuwa na chupa tupu ya mafuta ya kupikia, ameiosha mpaka inang'aa.

"Basi niletee maji yake," akasema. "Nioshe haya magoti. Wanasema chumvi ya bahari inavuta maumivu."

Kavindu akaipokea. Na tangu siku hiyo chupa ile iko kwenye mkoba wake. Akitafuta funguo anaigusa, akitafuta leso anaigusa. Anaenda nayo kiwandani, anarudi nayo. Kuitupa hawezi.

Tuliishia hapo. Sasa sikilizeni ya Jumamosi.

Safari ilikuwa Jumatatu. Asubuhi na mapema Jeremiah akavaa koti lake la harusi.

"Unaenda wapi na koti?" Kavindu akamuuliza.

"Kyumbi mara moja."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia kitu."

Kavindu hakumfuata na maswali. Mtu mwenye lake moyoni haulizi sana ya wenzake. Akapanga nguo za watoto, akatoka kwenda Mitaboni kuwachukua, maana Ijumaa alichelewa kutoka kiwandani.

Hata hajafika langoni akasikia mbuzi analia. Nzisa akaja mbio, gauni limejaa vumbi.

"Mama! Baba ameleta mbuzi! Ni ya susu! Susu anaenda kuona samaki!"

Susu ni nyanya, na nyanya mwenyewe ni Kalondu.

Chini ya mti wa parachichi alikuwa amesimama Jeremiah, koti la harusi na jasho, ameshika kamba ya beberu mweusi. Kando yake ni mzee Nzioka, ndugu ya marehemu baba yake, na blanketi jipya begani. Jeremiah alikuwa anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Usikasirike, Mama Nzisa. Nilisema Kyumbi, na kweli nilipita Kyumbi. Huyu nimemtoa sokoni huko."

"Wa nini?"

"Wa nthoni! Kama ndiyo inamzuia mama, si tuiondoe? Mzee amenieleza. Unatoa mbuzi, unatoa blanketi, mama mkwe akikubali imekwisha. Jumatatu tunaenda na yeye. Kisiwani, paa moja, hakuna neno."

"Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungekataa. Nakujua wewe, hutaki kunisumbua kwa ajili ya watu wenu."

Mnaona? Mwanamume wa watu anamsifu mkewe, na kila sifa inamchoma kama kaa la moto. Kavindu alitaka kusema kitu. Alitaka kumshika mkono, amvute pembeni, amwambie, mrudishe huyo mbuzi, twende nyumbani nikueleze. Mzee Nzioka akawahi kukohoa na kuita wenyeji.

Kikao kikaanza. Kalondu alikuwa ndani, mlango umeachwa wazi kiasi cha kupitisha sauti. Jeremiah na mzee Nzioka wakapewa viti uani, mgongo kwa mlango. Katikati akasimama mzee Musyoka, shemeji ya Kalondu, kazi yake kubeba maneno kutoka huku kupeleka kule, ingawa kila mtu alisikia kila kitu na kuku pia walisikia.

Kavindu alijibanza kwenye ukuta wa jiko.

"Musyoka," mzee Nzioka akaanza, "mwambie mama hivi. Tumesikia wajukuu wanaenda baharini, na yeye amekataa kwenda, kwa kumheshimu mkwe wake. Tumefurahi sana. Mama wa siku hizi anayeshika nthoni namna hiyo ni wa kutafutwa kwa taa. Lakini kijana wetu anasema bahari bila yeye haitaki. Ameleta mbuzi. Ameleta blanketi. Tunaomba nthoni iondoke kati yao."

Musyoka akageukia mlango. "Kalondu, umesikia?"

Musyoka akasogea mlangoni.

"Kalondu?"

"Nimesikia." Sauti ilikuwa ndogo. "Hebu arudie hapo. Nani alikataa?"

Kavindu akafumba macho. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Mitaboni, pamoja na ukavu wake wote, haipasuki ukiihitaji.

Mzee Nzioka akacheka. "Si wewe, mama! Ndivyo binti yako alivyomwambia mume wake. Kwamba ulikataa."

Jeremiah aligeuza kichwa kidogo, akakumbuka mila, akakirudisha mbele. Mbuzi akatafuna kamba. Ndani ya nyumba kiti kililia, kama mtu ameinuka, halafu kikalia tena, kama mtu ameketi.

"Ni kweli," Kalondu akasema. "Nilikataa."

"Na sasa?"

"Sasa ameleta mbuzi. Nitasemaje? Nakubali."

Mzee Musyoka akapiga kofi. Nzisa akaruka ruka. Kalondu akatoka nje, taratibu, magoti yale yanamsumbua, na kwa mara ya kwanza hakujificha nyuma ya ghala. Jeremiah akasimama. Akamfunika blanketi mabegani, akampa mkono. Mkono wenyewe aliutoa taratibu, kama anashika yai. Mwanamume anayebeba saruji!

Kalondu akaushika, asiuachie. Akamtazama usoni.

"Kumbe una kovu kwenye nyusi."

"Nilipigwa teke na punda nikiwa mdogo, mama."

"Pole. Miaka yote nalea watoto wa mtu simjui sura." Akamtazama tena. "Ni sura nzuri."

Watu wakacheka. Jeremiah akapangusa macho kwa mkono wa koti la harusi, akisingizia vumbi. Kavindu naye alilia pale kwenye ukuta, na waliomwona wakasema ni furaha.

Nawauliza ninyi mliomtetea: angeweza kusema ukweli hapo? Angeweza! Wazee walikuwepo, mama alikuwepo, mume alikuwepo. Hata mbuzi alikuwa bado hai. Kavindu alinyamaza, na yule mbuzi akachinjwa kwa ajili ya neno ambalo hakuna aliyelisema.

Wanaume wakaanza kuchuna. Kavindu akakimbilia jikoni apike maji, apate mahali pa kuficha uso. Jiko la Kalondu ni nyumba ndogo ya udongo kando ya nyumba kubwa, mafiga matatu, kigoda kimoja na mlango mmoja. Alipoinama kupuliza moto, kivuli kikaziba mwanga.

Ni mama yake, na blanketi jipya mabegani.

"Rudisha mlango."

Kavindu akausukuma. Haukufunga vizuri, ule mlango haujawahi kufunga vizuri. "Mwaitu..."

"Nyamaza kwanza." Kalondu akaketi kwenye kigoda, akashika magoti yake. "Nimedanganya wazee. Mimi, wa kwaya, nimedanganya mbele ya mbuzi wa nthoni. Tangu nizaliwe sijafanya kitu kama hicho. Sasa niambie nimekifanya kwa ajili ya nini."

Kavindu akapiga magoti pale pale, kwenye majivu.

"Ni mimi, mwaitu. Jeremiah hakukataa. Wewe hukukataa. Mimi ndiye nilikataa."

"Hiyo niliielewa nikiwa ndani. Nauliza sababu. Nilikukosea wapi?"

"Hukunikosea."

"Mtu hamfungii mama yake nje hivi hivi. Sema."

Kavindu akajipangusa kamasi kwa kiganja. Neno lilipomtoka lilitoka dogo, la kitoto.

"Kitheka ananiita Kavindu."

Kalondu akainua uso.

"Wewe anakuita mama, mimi ananiita Kavindu, kama jirani. Ijumaa nikija kumchukua analia mpaka Machakos. Jumapili nikimrudisha anacheka. Mwaitu, anacheka nikimrudisha! Akiumwa na tumbo mkono wangu hautaki, anataka wako. Nilitaka siku kidogo tu. Mahali akilia hakuna wa kukimbilia, ila mimi. Hiyo ndiyo sababu nilichagua kisiwa. Si mawimbi. Si magari. Nilikichagua kwa sababu huko wewe huwezi kufika."

Sufuria ikaanza kuimba. Hakuna aliyeishughulikia.

"Kuzaa si kazi," Kalondu akaanza, halafu akaacha. Methali hiyo mwisho wake kila mtu anaujua, naye hakuwa na moyo wa kumalizia mbele ya mtoto wake aliyepiga magoti. Akainua mkono akamtoa majivu kwenye shavu.

"Ungeniambia," akasema. "Ungesema, mwaitu, kaa nyumbani, nataka watoto wangu. Ningekaa. Mimi kukaa nimezoea. Na huyo mtoto ningemfundisha. Mimi sikumfundisha akuite Kavindu, anasikia nikikuita. Ningeanza kukuita Mama Kitheka, angefuata. Mambo ya dakika!"

"Nilisikia aibu."

"Ulisikia aibu, ukampa mumeo aibebe." Sasa sauti ya Kalondu ikapanda, na mkono ukaondoka shavuni. "Unajua mimi nimefanya nini wiki hizi? Nimemsema. Kanisani, kwa akina mama. Nimewaambia mkwe wangu ana kiburi, kwamba nafaa kuosha watoto wake lakini sifai kuonekana nao baharini. Juzi tumemwombea. Tumeomba Mungu amvunje moyo wa jiwe, na akina mama wote wakaitikia amina! Mtu huyu aliyenifunika blanketi! Anacheka na watu huko nje, kumbe Mitaboni nzima inamnong'oneza."

"Nitakuja kanisani, mwaitu. Nitasimama niseme mwenyewe."

"Utaanzia kanisani? Nyumbani kwako hujaanza."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Kavindu akatazama moto. "Tukirudi."

"Mkirudi."

"Ni likizo yake, mwaitu. Hajawahi kupata likizo. Amenunua mpaka kofia ya jua. Aifurahie kwanza, na watoto wafurahie, halafu..." Akavuta mkoba, akatoa chupa ya mafuta, akaiweka mbele ya mama yake. "Na wewe twende. Nakuomba. Utachota maji mwenyewe."

Kalondu akaiangalia chupa. Akairudisha kwa kidole.

"Siendi."

"Mwaitu!"

"Nimekubali mbuzi, sijakubali safari. Niende nikae katikati yenu, nile samaki nikimtazama huyo kijana machoni, na mimi ndiye nimemwombea vibaya? Hapana. Hilo siwezi."

"Sasa nitamwambia nini Jeremiah? Ameleta mbuzi! Nikisema umekataa tena, ataniuliza kwa nini!"

"Si unajua kutunga? Tunga."

Kavindu akalia kwa sauti. Na Kalondu naye akaanza kulia, mkono mdomoni, ili wazee wasisikie. "Nilimsingizia mtu wa watu," akawa anasema. "Nimewaambia akina mama kwamba Jeremiah alinikataa, na Jeremiah hajawahi kunikataa."

Sasa mkumbuke mambo yalivyokuwa mpaka asubuhi ile. Mwanamume huyu asingeweza kulikaribia jiko hilo. Angesimama mbali, akohoe. Mama mkwe angesikia, angejificha, wanawake wangenyamaza, machozi yangefutwa. Hiyo ndiyo kazi nyingine ya nthoni ambayo wazee hawaisemi.

Lakini nthoni ilikuwa imeondolewa. Mzee Nzioka alikuwa amekata maini ya kwanza, akayachoma upesi juu ya makaa, akayatia kwenye sahani akasema, "Mpelekee mama yako kwa mkono wako mwenyewe." Jeremiah akapita uani na sahani yake, kifua mbele, Kitheka akimfuata ameshika suruali. Hakukohoa. Ya nini tena akohoe?

Mlango ukafunguka kwa bega.

Alisimama hapo, sahani mkononi. Tabasamu lilikuwa bado usoni, limesahauliwa tu, kama nguo kwenye kamba mvua ikija.

"Mama," akasema. "Nimesikia jina langu."

Moto ulikuwa unatoa moshi. Kavindu bado amepiga magoti.

"Nimesikia ukisema umewaambia watu nilikukataa." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepewa mzigo usio wake, anayemtafuta mwenyewe. "Mama, nani alikuambia mimi nilikukataa?"

Lilikuwa swali la kwanza Jeremiah kumuuliza mama mkwe wake tangu aoe.

Kalondu alikuwa amedanganya mara moja siku ile, na alidanganya akiwa nyuma ya mlango. Sasa mkwe alikuwa mbele yake, kovu na yote. Akajifunga vizuri lile blanketi. Akainuka, polepole, akashika ukuta, akamsukumia kigoda.

"Keti, mwanangu," akasema. "Weka hayo maini hapo. Mama Kitheka ana neno la kukuambia."

Jeremiah hakuelewa ni nani, maana hilo jina halijawahi kutumika nyumba hiyo. Halafu akamtazama mkewe.

Akaketi. Kigoda kilikuwa karibu sana na mlango, kikauziba wote.

Kitheka aliachilia suruali ya baba yake. Akamwendea Kavindu, akainama kumchungulia uso, akagusa chozi kwa kidole. Akageuka kwa nyanya yake, amefadhaika.

"Mama," akamwambia Kalondu, "Kavindu analia."

Kalondu hakumwitikia.

Kavindu akamvuta mtoto akamweka mapajani, na safari hii mtoto hakukataa. Akainua macho akamtazama mumewe.

"Baba Nzisa," akasema, "kile kisiwa..."